Upande wa Nyuma

Niliinunua Mlango Mmoja, chini kabisa ya rundo,
foronya ya mto, elfu moja mia tano,
katikati mbwa mdogo wa uzi wa kahawia,
na huyo mbwa, jamani, ana manyoya ya kushikika.
Vidole vilizama humo hadi kwenye kucha.

Miaka ishirini na miwili nadarizi vitambaa vya makochi,
tausi, maua, Karibu Mgeni, Usiku Mwema,
sijawahi kuona uzi uliosimama
kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi.

Nikaigeuza.
Usoni kila kazi hujipaka poda;
nyuma ndiko mshonaji huacha nyayo zake.
Nikatafuta fundo. Hakuna.
Uzi uliingilia usoni, mkia ukabaki nje,
kosa ambalo Bi Nkwimba, aliyenifundisha,
angelifumua kwa meno yake mwenyewe.

Nikafumua sikio moja la mbwa
(nisamehe, wewe uliyelishona)
huku nikihesabu.
Ingia, acha mkia. Toka nusu hatua. Ruka, kaza.
Ingia, acha kitanzi, kishikilie kwa dole gumba.
Toka. Ruka. Kaza.
Kimoja kaza, kimoja legeza,
kama mama anayebembeleza na kugombeza kwa pumzi moja.

Siku tatu, kibarazani Makoroboi,
vitanzi vyangu vikizama nyuma ya kitambaa
au vikilala kifudifudi kama walevi.

Usiku wa nne umeme ulikatika.
Nikamulika foronya kwa simu, nyuma, karibu na pua,
nikaona mishono yote imeinama upande usio wake.
Huyu mtu alishona kwa mkono wa kushoto.

Nilikaa kitako.
Mimi nami nilizaliwa hivyo.
Ukerewe, darasa la kwanza, mkono ulifungwa
kwa kamba ya katani kwenye mguu wa dawati.
Mkono wa chooni hauandiki, alisema mwalimu,
na nyumbani wakaitikia.
Kufika la nne nilikuwa wa kulia kama watu,
wa kushoto akabaki kibarua, mshika kitambaa.

Nikahamisha sindano.
Usidhani ilikuwa rahisi. Mkono ulishtuka
kama mtu aliyeitwa sokoni
kwa jina lake la utotoni.
Lakini kitanzi cha kwanza kilisimama.

Mama Bugumba wa Kirumba alishaagiza vitambaa sita
vya sendofu ya bintiye Milembe,
akataka kitu cha ziwani kwetu, tausi amechoka nao.
Nikamshonea mafunjo.
Mashina kwa mkono wa kulia, mshono niliouzoea,
vichwa kwa wa kushoto, safu juu ya safu,
vitanzi vimebanana kama dagaa kichanjani.

Kisha mkasi.
Hapo ndipo nilipoogopa. Nani hukata alichoshona?
Na mkasi wangu haumjui ila wa kulia.
Basi wa kushoto ukainua vitanzi, wa kulia ukakata,
hakuna bwana, hakuna kibarua,
vumbi la uzi wa kijani likanijaa mapajani.
Nikachana kwa mswaki wa zamani.
Yakafumuka, yakapumua,
mafunjo ya Luchelele kabla wakata mikeka hawajafika.

Mama Bugumba akavaa miwani.
"Mbona umeacha nyuzi? Hujamaliza?"
Nikamwambia, vuta.
Akavuta kidogo, kwa adabu.
Nikamwambia, vuta.
Akavuta kama mtu aliyelipa nusu na bado anadaiwa nusu.
Akavua miwani. "Unaitwaje mshono huu?"

Sijui. Kwa kweli sijui.

Akahesabu hela, akaninyooshea,
nami kwa kusahau nikapokea kwa wa kushoto.
Aliona.
Akaendelea kupapasa kichwa cha funjo kwa kiganja,
mbele, nyuma, mbele.

Mbwa nimemtundika juu ya cherehani.
Sikio moja hana.
Uzi wa rangi ile Mwanza nzima sijaupata.